Raifo ya Kitako cha Mti Milimani Pennsylvania

Ndege ya kutoka Doha ilitua Philadelphia mchana, na kabla sijauzoea ubaridi wa Novemba mpwa wangu alishanipangia ratiba: kesho kupumzika, kesho kutwa kwenda kutafuta bunduki. Nilidhani ananitania. Kijana huyu anaishi Harrisburg, ameoa huko na ameshakuwa raia wa Marekani. Mwaka huu baba mkwe wake alimwalika kwa mara ya kwanza kwenda kuwinda kulungu. Mafunzo ya lazima kwa wawindaji wapya alishayamaliza, na leseni alikuwa nayo. Kilichobaki ni silaha yenyewe. Alitaka raifo ya komeo, isiyozidi dola 500, na kitako chake kiwe cha mti.

"Plastiki sitaki," akasema. "Na mbao sizijui. Ndiyo maana nilikuwa nakusubiri wewe, mjomba."

Hapo alinipata. Nimekulia kwenye karakana ya useremala Tabora, mninga ndio ulionisomesha, na mtu akiniuliza habari za mbao siwezi kukaa kimya hata nikiwa na usingizi wa safari.

Tulikwenda kwenye duka kubwa nje ya mji. Nilitegemea mlango wa chuma, askari na daftari la wageni. Nikakuta viatu vya mvua, mahema, ndoano za samaki, na mama anasukuma kitoroli chenye mtoto akipita mbele ya ukuta wa bunduki bila hata kugeuza shingo. Bunduki zimesimamishwa kwa safu, kila moja ina kikaratasi cha bei kinachoning'inia. Mimi natoka nchi ambako ombi la kumiliki silaha, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, hupanda ngazi baada ya ngazi, na mzee mwenye gobole kijijini hujulikana na kila mtu. Hapa naona bunduki nyingi kuliko nilizowahi kuziona tangu nizaliwe, na karibu nazo zinauzwa soksi.

Nikanyoosha mkono kupapasa kitako kimoja. Mpwa akanishika.

"Mjomba, tazama tu. Usishike."

Akanieleza kuwa sheria ya shirikisho inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kuwa na silaha au risasi, isipokuwa awe na leseni ya kuwinda au aangukie kwenye vipengele vingine vichache vilivyosamehewa. Pengine hakuna ambaye angenikamata kwa kugusa mbao. Sikutaka kujaribu. Nikaweka mikono nyuma ya mgongo, na ndivyo nilivyozunguka duka lile: seremala mbele ya mbao za kila rangi, amefungwa mikono na viza.

Muuzaji alikuwa mzee mwenye subira. Kila alipoteremsha bunduki alifungua na kutazama kama ina risasi, akaingiza kidole kuhakikisha, ndipo akampa mpwa, naye akafundishwa kurudia vilevile. Kisha akatuonyesha komeo lenyewe. Ni mche wa chuma wenye mkono pembeni. Unauinua mkono na kuvuta nyuma, ganda tupu linaruka nje. Unasukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba. Unaulaza mkono, na masikio mawili ya chuma yanajifungia ndani. Ni komeo la mlango wa ghala la mahindi, ila hili linazuia moto. Hakuna springi nyingi wala mambo mengi ya kuharibika. Tena Pennsylvania hairuhusu raifo zinazojipakia zenyewe katika kuwinda kulungu, kwa hiyo makomeo yalikuwa yametawala ukuta mzima.

Muundo huu una deni kubwa kwa Mjerumani Paul Mauser na bunduki yake ya mwaka 1898. Nilimwambia muuzaji kwamba kwetu Mauser inajulikana tangu vita ya kwanza ya dunia. Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, ikifukuzwa na Waingereza, iliingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na shehena ya bunduki hizo kwa jeshi la Wajerumani na askari wao. Mzee aliacha kazi akasikiliza. Nadhani baada ya hapo alituonyesha bunduki ambazo hakukusudia kutuonyesha.

Kwanza alitaka kututoa kwenye mti kabisa. Akasema waziwazi: ukihitaji nyama tu, chukua plastiki. Raifo kama Ruger American, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2010, ni ya bei nafuu, inapiga pale unapolenga, na kitako chake hakijui mvua wala jua. Mti lazima ukatwe, ukaushwe kwa muda mrefu, uchongwe, upigwe msasa na kupakwa mafuta. Plastiki inamiminwa kwenye kalibu, inatoka, inayofuata inaingia. Ndiyo sababu bunduki mpya ya mti yenye bei ya mtu wa kawaida imekuwa adimu. Hoja ilikuwa nzito, na hata mimi niliona ana haki. Mpwa akatikisa kichwa tu. Damu ya maseremala hiyo, ingawa yeye anafanya kazi ya kompyuta.

Mpya za mti zilikuwapo. Ipo Mossberg Patriot, iliyotoka mwaka 2015, yenye kitako cha walnati halisi, na bei yake ilikuwa inakaribiana na mfuko wetu. Tikka ya Ufini ilikuwa na nyuzi za mti zilizonifanya nisogee hadi pua ikaribie kugusa, lakini bei ilikuwa karibu mara mbili ya fedha tuliyokuwa nayo. Halafu Winchester Model 70. Hii ilianza mwaka 1936, na mwaka 1964 kiwanda kilibadilisha namna ya kuitengeneza ili kupunguza gharama. Hadi leo zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo hutafutwa kwa bei ya juu, na wanunuzi wanautaja mwaka wenyewe kama mtu anavyotaja ukoo. Tulizisalimia tukapita.

Uhondo ulikuwa pembeni, kwenye safu ya mitumba.

Hapo ndipo niligundua kuwa macho yangu yana kazi. Raifo ya kwanza iliyompendeza mpwa ilikuwa ya walnati nyeusi-nyeusi, inang'aa kwa vanishi mpya. Nikamwambia aiinamishe kwenye taa. Nyuma ya chuma, pale kitako kinapobanwa na kuwa shingo, palikuwa na mstari mwembamba unaofuata nyuzi. Ni ufa, na vanishi ilikuwa imepakwa juu yake. Kila mlio wa bunduki unakirudisha chuma nyuma kikisukuma mti huo, kwa hiyo ufa wa hapo hauponi kwa vanishi. Ikarudi ukutani.

Ya pili mti wake ulikuwa safi, lakini vichwa vya skrubu vilikuwa vimeliwa na bisibisi. Aliyeshindwa kufungua skrubu vizuri alifanya nini kingine ndani? Ikarudi nayo.

Kisha ikaja Savage 110 ya risasi za .30-06, ya zamani, imechakaa kwa heshima. Mtindo huu unatengenezwa tangu mwaka 1958, na umaarufu wake ni urahisi wa bei. Mtutu umefungwa kwa nati kubwa inayoonekana wazi, haipendezi machoni, lakini inamrahisishia fundi kuweka vipimo vya chemba bila gharama kubwa. Mpwa alichomoa komeo, akaelekeza mtutu kwenye taa na kuchungulia. Mifereji ya ndani ilikuwa na ncha kali, hakuna kutu, na mdomo wa mtutu haukuwa na kovu. Skrubu zilikuwa nzima. Kitako alikipima kwa kukiweka kwenye kunjo la kiwiko. Kidole kikafika kwenye triga bila kujinyoosha.

Na mti? Kibandiko kilisema rangi ya walnati. Nikatazama nyuzi, nikamwambia mzee kuwa rangi ni ya walnati lakini mti siyo. Akacheka akakiri: ni bechi, mti mweupe wa huko, uliopakwa rangi. Kwetu nimeona paini ikiuzwa kwa jina la mninga, kwa hiyo sikushtuka. Bechi hii ilikuwa nzito, imenyooka, nyuzi zinapita shingoni bila kukatika. Niliipenda kuliko ile walnati yenye ufa. Bei dola 360. Na .30-06 ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, ambayo hadi leo inapatikana hata kwenye vijiduka vya vijijini. Bunduki ya bei nafuu yenye risasi za kutafutwa kwa tochi si ya bei nafuu.

Mpwa akajaza fomu ya shirikisho, namba 4473, yenye maswali kuhusu makosa ya jinai, dawa za kulevya na uraia. Muuzaji akawasiliana na mfumo wa polisi wa jimbo unaokagua majina tangu mwaka 1998. Sikumaliza kahawa yangu, jibu likarudi. Tukatoka na sanduku refu la karatasi.

Siku iliyofuata tuliifuata Susquehanna kuelekea kaskazini. Tulipita Williamsport, mji uliotajirika karne ya 19 kwa kupasua misonobari ya milima yote ile, ukaimaliza. Msitu wa sasa ni mwingine, wa miti ya majani mapana, na kwa kuwa ni Novemba miti yote ilikuwa uchi hadi nikaweza kuhesabu matawi. Wilaya ya Potter ilitupokea na theluji. Niliionja. Haina ladha yoyote.

Nyumba ya wawindaji ya baba mkwe wa mpwa ni ya magogo, ina jiko la kuni na pembe za kulungu ukutani. Mkwe akanieleza kuwa kulungu wa mkia mweupe huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine. Nilimuuliza mara mbili. Swala na pofu wetu wakivunjika pembe, imevunjika.

Kwenye shabaha ya yadi 100 bunduki ilipiga vizuri mara mbili, kisha risasi zikaanza kupotea kulia. Mkwe hakusema neno. Alitoa noti ya dola moja, akaipitisha kati ya mtutu na mti, akaivuta kuelekea nyuma. Ikakwama katikati. Unyevu ulikuwa umeuvimbisha mti ukaugusa mtutu, na mtutu ukipata joto unasukumwa upande.

Walifungua skrubu za chini wakavua chuma chote. Kitako kilichobaki peke yake ni kipande cha mbao tu mbele ya sheria, na hatimaye mpwa akanikabidhi. Niliukunja msasa kwenye kijiti cha mviringo nikafanya kazi karibu na jiko hadi usiku, taratibu, nikipima kwa noti ileile. Noti ilipopita bila kugusa, nikapaka mafuta ya kitani hadi ndani ya mfereji, mahali ambapo viwandani hupaona si lazima kwa kuwa hapaonekani. Mkwe alikaa akinitazama, tukawa tunaelewana kwa vidole.

Asubuhi ya shabaha ya pili risasi tatu zilikaa ndani ya sentimita nne.

Msimu ulifunguliwa Jumamosi baada ya sikukuu yao ya shukrani. Zamani ulikuwa ukianza Jumatatu, na shule nyingi za vijijini bado zinafungwa siku hiyo. Mwindaji lazima avae rangi ya chungwa inayowaka, inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni. Jumamosi mpwa aliona mikia tu. Jumatatu alirudi na dume wa wastani, na ini lilikaangwa jioni hiyohiyo.

Bado nina hakika na uchaguzi wetu. Patriot mpya ingemaliza fedha zote dukani. Kwa Savage kuukuu tulibakiwa na dola 140 kabla ya kodi, na nyingi ziliishia kwenye risasi za mazoezi. Darubini ya kulengea mpwa alipewa na mkwe wake.