Kitabu Tulichokificha



Tuliahidi kwamba juma hili tutaandika habari za paa la kigango na michango iliyokwisha kupatikana. Mtuwie radhi, habari hizo zitasubiri kidogo. Limetupata jambo ambalo tumeona ni vema tuliandike sisi wenyewe kabla halijazunguka jumuiya zote likiwa limeongezwa chumvi. Mwalimu wetu wa dini, ambaye linamhusu pia, ameturuhusu tulisimulie.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka juzi familia moja ya hapa parokiani ilitupatia kishikwambi kwa matumizi ya makatekista. Kilipokelewa kwa vigelegele. Ili kiwe na vitabu ndani yake, ilibidi kifunguliwe kwa akaunti ya duka la vitabu la mtandaoni, nalo duka hilo linataka kadi ya benki. Parokia haina kadi ya namna hiyo. Basi tukaingiza akaunti yetu wenyewe, ile tuliyoitumia tangu tulipokuwa masomoni, tukashusha Biblia, Katekisimu na vitabu vichache vya maisha ya watakatifu, tukamkabidhi Mwalimu kifaa chake. Hatukufikiri zaidi ya hapo. Tulisahau kwamba akaunti ya namna ile ni kama sanduku la bati la mwanafunzi wa seminari: ukilifungua ili umtolee mwenzako kipande cha sabuni, anaona na vilivyo chini ya nguo.

Hatuna budi kusema kilichokuwa chini ya nguo. Mwaka 2019, miezi michache baada ya kumzika mama yetu mzazi na kuhamishwa katika parokia tuliyoipenda, tulipitia kipindi kigumu. Usiku mmoja, usingizi ulipokataa kuja, tulinunua kitabu cha mtu aliyekuwa padre huko ng'ambo, akieleza jinsi alivyoiacha huduma yake na namna ya kuanza maisha mapya. Jalada lake lina picha ya kola nyeupe iliyoachwa juu ya kiti kitupu. Tulisoma kurasa arobaini hivi, tukazima taa. Asubuhi kulikuwa na misa ya mazishi, mchana kikao cha halmashauri ya walei, na kitabu kile hatukukifungua tena. Tulikuwa tumekisahau kabisa.

Duka halikusahau. Jioni moja Mwalimu alileta kishikwambi ofisini ili tumwoneshe namna ya kukuza maandishi, maana macho yake yamechoka. Alipotunyoshea, kioo kilikuwa wazi kwenye orodha ya vitabu vyote vilivyowahi kununuliwa, vimepangwa jalada kwa jalada, na katika mstari wa tatu kulikuwa na ile kola juu ya kiti. Mwalimu alifundisha shule ya msingi miaka mingi. Kiingereza cha jalada hakimshindi. Hakusema neno. Nasi hatukusema. Tulikuza maandishi, tukazungumza habari za mvua, akaaga akaenda.

Usiku ule tulikaa na simu mkononi tukitafuta namna ya kukiondoa. Hapo ndipo tulipojifunza mambo ambayo huenda na baadhi yenu hamyajui. Kukiondoa kitabu katika kifaa si kukiondoa katika akaunti. Kesho ukifungua kifaa kingine utakikuta kinakungojea. Kukifuta kabisa katika akaunti ni kukipoteza, na ukikitaka tena itakubidi ulipe upya. Iko na njia ya tatu, nayo ni kukificha. Ukibonyeza, kinatoweka katika orodha inayoonekana, kisha kinahifadhiwa katika orodha nyingine iliyo ndani zaidi, ambayo mwenye akaunti peke yake huiendea kwa neno lake la siri. Hata ukichagua njia ipi, stakabadhi ya malipo inabaki kwa muuzaji, tena nakala yake imo katika barua pepe yako. Tulibonyeza neno la kuficha, tukalala tukijiona tumemaliza kazi.

Tangu siku ile tumeyafikiria sana maduka haya na orodha zake. Tuseme wazi tangu mwanzo: hatuoni kwamba mtu anayeficha kitu katika orodha ya manunuzi yake ni mnafiki. Wako wanaosema kwamba asiye na ubaya hana cha kuficha. Wasemao hivyo hawajawahi kukaa na mama mmoja tunayemfahamu, ambaye aliagiza kwa simu nguo za mtoto mchanga, beseni la kuogeshea na chandarua kidogo, kisha mtoto akafariki siku ya nne. Miezi baadaye, alipotaka kuagiza sare ya shule ya mtoto wake mkubwa, orodha ya manunuzi yake ilifunguka na lile beseni likawa la kwanza. Aliwaandikia wenye duka akiwaomba waliondoe. Walimjibu kwa adabu kwamba kumbukumbu za manunuzi haziondolewi. Mama huyu alikuwa na ubaya gani? Alitaka tu kununua sare bila kupita kaburini.

Wenye maduka nao wana hoja zao, na tusiwaonee. Kumbukumbu ya malipo inahitajika kwa ajili ya kodi, na mteja akidai kwamba hakupokea mzigo, au kwamba kadi yake iliibiwa, ndiyo itakayosema ukweli. Katika bidhaa zisizoshikika kwa mkono, orodha ndiyo karibu yote tuliyo nayo, kwa maana kitabu cha namna hiyo kwa kawaida hatukinunui kama tunavyonunua kitabu cha karatasi. Tunanunua ruhusa ya kukisoma. Ilidhihirika mwezi Julai 2009, Amazon ilipofuta katika vifaa vya wateja wake nakala za vitabu viwili vya George Orwell, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha. Kimoja kati ya vitabu hivyo kilikuwa *1984*, riwaya juu ya serikali inayofuta kumbukumbu, na watu hawakuacha kulisema jambo hilo. Jeff Bezos aliomba radhi mwezi ule ule. Basi uwezo wa kufuta upo. Swali ni nani anaushika.

Kisa kingine kinachofaa kutajwa ni kile cha tarehe 9 Septemba 2014. Siku hiyo Apple ilitangaza kwamba inawapa wateja wa iTunes, zaidi ya milioni 500 katika nchi 119, albamu mpya ya kundi la U2 la Ireland, bure. Haikusubiri waiombe. Iliwekwa moja kwa moja katika orodha zao za manunuzi kana kwamba wameinunua, na kwa baadhi yao nyimbo zilijishusha zenyewe katika simu. Zawadi ikageuka kero. Mtu aliweza kuificha, lakini wengi hawakuridhika na kuficha, walitaka isiwepo. Siku sita baadaye, tarehe 15 Septemba, Apple ilitoa ukurasa maalumu wa kuiondoa kabisa. Mwezi uliofuata Bono, mwimbaji wa kundi hilo, aliomba radhi. Sisi si wapenzi wa muziki wa magitaa ya umeme (wanakwaya wetu wanajua), lakini kisa hiki hutufikirisha. Kwa kitu ambacho kampuni ilikiweka yenyewe, kitufe cha kufuta kilipatikana ndani ya juma moja. Kwa kitu ambacho mtu amekinunua kwa mkono wake na sasa hakitaki, mara nyingi anaambiwa atosheke na kuficha.

Kabla ya intaneti kuenea, Wamarekani walikwisha kuonja uchungu wa orodha. Mwaka 1987 Rais Ronald Reagan alimpendekeza Robert Bork awe jaji wa Mahakama ya Juu. Mwandishi wa gazeti moja la mjini Washington akapata kutoka duka la kukodisha kanda za video orodha ya filamu 146 zilizokodiwa na nyumba ya Bork, na ikachapishwa. Hazikuwa na aibu yoyote. Ni filamu za kawaida za watu wazima wakipumzika jioni. Seneti ilimkataa jaji huyo kwa sababu nyingine kabisa. Hata hivyo wabunge walishtuka, bila shaka kila mmoja akiwaza kanda zilizokodiwa nyumbani kwake, na mwaka 1988 ikapitishwa sheria ya kuzuia maduka hayo kutoa orodha za wateja bila ridhaa yao.

Nchini kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, nayo inampa mtu nafasi ya kudai taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe. Ni jambo jema. Lakini orodha ya manunuzi haina taarifa za uongo. Shida yake ni kwamba ni ya kweli: tulinunua, siku ile, saa ile, kwa bei ile. Isichokuwa nacho ni sababu. Haisemi kwamba mama alikuwa amezikwa. Haisemi tuliishia ukurasa wa arobaini. Inamwachia mwenye kuiona ajijazie mwenyewe.

Naye Mwalimu alijijazia. Baada ya siku ile alianza kuwa na maswali ya ajabu ajabu. Tukisafiri kwenda Dar es Salaam kutibiwa jino, anauliza tutarudi lini, kisha anauliza tena. Akaja kutaka kujua kama watoto wa komunyo ya kwanza waandikishwe sasa au wamsubiri "Paroko atakayekuwepo". Vitabu vya ubatizo vya kigango, ambavyo tumekuwa tukimdai tangu Kwaresima, alivileta vyote kwa siku moja, vimejazwa vizuri. Tulidhani ni uzee. Wengine wakaanza kututazama kwa huruma, hata mpishi wetu, na bado hatukuelewa.

Hatimaye, Ijumaa moja baada ya Njia ya Msalaba, alibaki sakristia mpaka vijana wa altare walipoondoka.

"Baba Paroko," akasema, "unatuacha?"

Tulimwuliza hilo limetoka wapi.

"Kile kitabu," akasema. "Nilikiona. Nikajisemea, padre ni msomi, anasoma mengi, kusoma si dhambi. Lakini kesho yake nikafungua, hakipo. Ndipo nikaogopa. Kama kilikuwa cha kusoma tu, ungekiacha. Umekiondoa, maana yake umeamua."

Wapendwa, tulikosa la kusema kwa muda. Tulikuwa tumetumia kitufe kile kama mtu anayefunga mlango baada ya mgeni kukaa sebuleni. Laiti tungekificha kitabu kabla ya kukabidhi kifaa, tungekuwa tumetumia haki yetu na hakuna ambaye angeumia. Kukificha baada ya Mwalimu kukiona kulikuwa ni kumpelekea ujumbe, na ujumbe wenyewe ulikuwa wa uongo. Kwa miezi miwili mzee wa watu alijiandaa kuagana nasi, na sisi tulikuwa tunamlaumu kimoyomoyo kwa kusahausahau.

Tulimweleza yote, hapo hapo, tumesimama karibu na kabati la mavazi ya misa: msiba, uhamisho, usiku ule, kurasa arobaini. Tulimwambia kwamba hatuondoki. Alinyamaza, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Mimi niliandika barua ya kuacha ukatekista mwaka 1998," akasema. "Niliificha ndani ya misale. Mama watoto akaiona, akairudisha pale pale."

"Alikwambia lini?"

"Hajaniambia mpaka leo. Nilijua kwa sababu aliirudisha kichwa chini."

Kishikwambi cha makatekista sasa kina akaunti yake yenyewe. Kijana mmoja wa WAWATA wa hapa, yaani mtoto wa mwenyekiti wao, ametusaidia kuifungua kwa kadi ya kulipia kabla, na anayetaka kuongeza kitabu aje ofisini siku za kazi. Wenye simu wanazotumia pamoja na watoto au wenzi wao wanaweza kumwona kijana huyo pia, naye atawaonesha orodha ya kuficha iko wapi. Mama tuliyemtaja hapo juu bado anaandikiana na wenye duka.

Jana usiku tuliingia katika ile orodha ya ndani kwa mara ya kwanza tangu tulipoificha. Kitabu kipo, kimoja peke yake, na alama bado iko ukurasa wa arobaini. Hatukukifuta. Hatukukirudisha nje pia. Mwalimu amekwisha kujua, nanyi sasa mmejua, wala hakuna mwingine anayehitaji kukiona. Asubuhi Mwalimu alikuja baada ya misa. Tulidhani amekuja kuuliza kama tumeyaandika haya. Alitaka kujua kama mabati ya kigango yamefika.