Kikapu Kiko Mgongoni

Swali lilikuwa hivi: jiwe linarushwa kwa mlalo kutoka juu ya jabali lenye kimo cha mita 20, kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Litaanguka umbali gani kutoka chini ya jabali? Chukua g kuwa 10. Puuza upinzani wa hewa.

Nilijibu mita 15, na sikuwa na wasiwasi wowote. Hesabu yangu ilitoka safi: 20 = 15t + 5t², kwa hivyo t ni sekunde moja, kwa hivyo umbali ni mita 15. Si unajua hesabu za shule? Jibu likitoka nambari nzima, bila desimali, unajua umefika nyumbani. Mwalimu alipitisha kalamu nyekundu mara moja tu. Sifuri juu ya nne.

Hiyo ilikuwa 2015, nikiwa Fomu Tatu. Somo hilo lilipofundishwa sikuwepo darasani. Nilikuwa nimetumwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mama alikuwa mchunaji katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho, akilipwa kwa kilo, na mwaka huo mashine zilikuwa zimeanza kuingia sehemu aliyofanyia kazi. Hakuna aliyemwachisha. Aliambiwa tu arudi wiki ijayo, halafu wiki nyingine. Karo nayo haikujua habari za wiki ijayo.

Agosti tukafunga shule na karatasi yangu ya sifuri ikiwa chini ya begi. Nyumbani Konoin, kaunti ya Bomet, tuna nusu eka ya chai, na siku ambazo mama hakuitwa kazini tulichuna yetu. Kama hujawahi kumwona mchunaji wa zamani kazini, ni hivi: majani mawili na chipukizi, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, ngumi ikijaa anairusha juu ya bega bila kugeuka, na majani yanatua kikapuni. Wakati huo huo anaendelea kutembea, na macho yako kwenye michai iliyo mbele.

Mimi nilirusha ngumi yangu ya kwanza na nusu yake ikaishia njiani.

"Unamwaga pesa," mama akasema.

"Kwani wewe unajuaje kikapu kiko wapi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama maji huwa na unyevu. "Kiko mgongoni. Kitaenda wapi?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mama alikuwa anatembea mbele. Majani yaliyokuwa mkononi mwake yalikuwa yanaenda mbele pia, kwa mwendo ule ule wake, hata kabla hayajarushwa. Kikapu nacho vilevile. Kwa hivyo hakuwa na haja ya kukitafuta. Aliyarusha kama vile amesimama tu, na mwendo wa mbele ukajishughulikia wenyewe. Kupanda na kushuka kulikuwa jambo lingine kabisa.

Jambo lingine kabisa. Jioni niliitoa ile karatasi. Ile 15 ilikuwa mwendo wa mlalo, nami nilikuwa nimeitia kwenye hesabu ya kuanguka. Nilikuwa nimemlipisha wima deni la mlalo. Jiwe likirushwa kwa mlalo, kuelekea chini linaanza na sifuri, sawa na jiwe lililoachiliwa tu kutoka mkononi. 20 = 5t². Sekunde mbili. Mbili mara 15, mita 30. Sikuamini, nikachukua sarafu mbili, nikaiweka moja ukingoni mwa meza ili idondoke tu na nyingine kando yake ili irushwe mbali, nikazisukuma pamoja kwa rula. Moja ilianguka karibu na mguu wa meza, nyingine ikaenda hadi mlangoni. Nilisikia mlio mmoja.

Wiki ya mwisho ya mwezi huo huo, Julius Yego akarusha mkuki mita 92.72 jijini Beijing na kuwa bingwa wa dunia. Yego ni wa Nandi, jirani zetu, na amejulikana kama mtu aliyejifunza kurusha kwa kutazama video za YouTube, katika nchi ambayo kila mtu anadhani sisi ni miguu tu. Nilikaa na daftari nikapiga hesabu. Kama ungepuuza hewa na mkuki ukaondoka kwa nyuzi 45, ungehitaji kasi ya mita 30 na kidogo kwa sekunde, karibu kilomita 110 kwa saa. Matatu yenyewe hairuhusiwi kupita 80! Kwa kweli warushaji huuachilia mkuki chini kidogo ya nyuzi 45, na hewa haimpuuzi mtu, lakini nilikuwa na furaha kubwa. Nikakimbia kumweleza mama.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo analipwa ngapi?"

Mwaka uliofuata hakuitwa tena shambani. Niliwahi kuona mashine moja ikifanya kazi pale: watu wawili wanaishika huku na huku, inakata juu ya michai, na feni inapuliza majani hadi kwenye mfuko unaoburutwa nyuma. Hakuna kitu kinachorushwa. Niliduwaa, kwa sababu ni kifaa kizuri cha fizikia na nilielewa kila sehemu yake.

Nilifanya KCSE 2016, mwaka ule wa A 141 nchi nzima. Fizikia nilipata B. Nikaja Nairobi kusoma, na tangu hapo nimebaki huku, nikifundisha watoto wa Fomu Tatu na Nne jioni, nyumba hadi nyumba. Kila mwaka kuna mmoja anayeniletea ile mita 15, amechangamka, hana shaka. Siweki kalamu nyekundu. Namuuliza, "Hii 15 inaelekea wapi?" Kisha namwambia kanuni ambayo mimi niliielewa nusu: tenganisha mlalo na wima, kila mmoja na hesabu yake, lakini muda ni mmoja. t ya huku ndiyo t ya kule.

Nusu niliyokuwa sijaielewa ni hiyo ya mwisho. Nilipokuwa chuoni nilimpigia mama kila Jumapili, naye akasema kila kitu kiko sawa tu. Baadaye dada yangu ndiye aliyeniambia kwamba miaka hiyo yote mama alikuwa akichuna kibarua kwenye mashamba ya majirani, alfajiri hadi jioni, baada ya kumaliza letu. Mimi nilikuwa nahesabu umbali wangu tu. Sikuwahi kuuliza katika muda ule ule yeye alikuwa anashuka kiasi gani.

Aprili iliyopita nilirudi nyumbani. Bega lake la kulia, lile la kurushia, halipandi tena. Anachuna kwa mikono yote miwili vizuri tu, ila ngumi ikijaa hana pa kuipeleka. Alikuwa ameweka kikapu chini na kukiburuta, hatua mbili, anainama, hatua mbili, anainama.

Nikakivaa mimi. Yeye akakaa nyuma yangu, anachuna, anadondosha. Nilikwenda kama mtu wa Nairobi, na ngumi ya kwanza ikaanguka njiani.

"Usikimbie," akasema. "Niko nyuma yako."

Nikapunguza mwendo.