Vunjajungu wa Muheza

Katikati ya miaka ya 1980 likizo zetu ziliishia kwa bibi, Muheza, kwenye michungwa iliyoanzia uani hadi konde la mihogo. Mjomba alikuwa bwana shamba, na ndiye aliyetufundisha kufuga vunjajungu. Bibi hakupinga, ila alitupiga marufuku kusogelea vyungu vyake, akiamini kuwa aliyemshika mdudu huyo akigusa chungu, lazima kivunjike.

Kila mdudu alikuwa na kopo lake, mdomo umefunikwa kwa kipande cha chandarua, maana wakikaa pamoja hulana. Tulikuwa na aina mbili. Wakubwa, ambao wataalamu huwaita Sphodromantis, walikuwa na tumbo nene, na kila bawa la juu lilikuwa na doa dogo jeupe. Wa pili, Miomantis, walikuwa wembamba na wafupi zaidi, hata wakiwa wazima. Kila aina ilikuwa na wa kijani na wa kahawia, na hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia: nani ndugu wa nani?

Mjomba hakutujibu. Alitukalisha mbele ya kopo moja jioni, taa ya chemli ikiwa karibu. Mdudu alikuwa ameacha kula, akajining'iniza kichwa chini kwenye chandarua. Ngozi ilipasuka mgongoni, akachomoza taratibu, amepauka na laini, miguu ikitoka mmoja mmoja. Kisha akageuka, akashika ganda lake, na mabawa yaliyokunjamana yakaanza kunyooka.

"Huyu ndiyo kamaliza," mjomba alisema. "Akishaota mabawa haongezeki tena."

Vunjajungu hurefuka kwa kujivua gamba tu, na madume hujivua mara chache kuliko majike, ndiyo maana hukomaa mapema na kubaki wadogo. Rangi nayo hubadilika zaidi wakati huohuo wa kujivua, kulingana na unyevu na mwanga. Baada ya masika tuliokota wa kijani kwa wingi; kiangazi kikikaza, wa kahawia. Ndugu wa kifuko kimoja cha mayai wanaweza kutofautiana rangi kabisa.

Ukubwani nilisoma jaribio la mtafiti di Cesnola lililochapishwa mwaka 1904. Huko Italia aliwafunga vunjajungu kwa uzi wa hariri majanini: waliofanana na majani walisalimika, na wa kijani waliowekwa kwenye nyasi kavu wakafa wote, wengi wao wakiliwa na ndege. Rangi, basi, ni kinga.

Kwa hiyo msomaji, ukimkuta vunjajungu shambani, usimtambue kwa rangi. Katika aina zetu mbili, mkubwa asiye na mabawa bado ni mtoto. Mdogo mwenye mabawa kamili ni mzima: huenda ni dume, au ni wa aina nyingine. Ukishamtambua, mwache awinde.