Mtachoka Barabarani

Wahenga walinena kuwa msafiri maskini ajapokuwa sultani. Methali hiyo nilikwisha kuichambua katika karatasi za semina, nikaifunza darasani wakati wa mazoezi ya ualimu, na kuitolea mifano kutoka vitabuni. Maana yake kamili, hata hivyo, niliipata Agosti 2023 katika barabara itokayo Kakamega kwenda Eldoret. Nilikuwa juu ya baiskeli kuukuu ya marehemu baba. Kwenye karia nilikuwa nimefunga kreti ya mkate, na ndani ya kreti alikuwa mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Mtachoka. Msomaji asishangae. Kwetu, mbwa huweza kupewa jina lenye ujumbe kwa watu. Baba alikuwa na mgogoro wa mpaka wa shamba na jirani yake, mgogoro uliodumu miaka mingi, naye hakupenda kesi za barazani kwa chifu. Alichofanya ni kumpa mbwa jina. Jioni, jirani akiwa shambani, baba alikuwa akisimama kando ya ua na kuita kwa sauti kuu: "Mtachoka! Mtachoka we!" Mbwa alikuja mbio, na jirani alisikia. Mwanamke wa pwani humfumba jirani yake kwa jina la kanga. Baba, ambaye hakuwahi kuiona bahari, alimfumba wake kwa jina la mbwa. Nami mwanawe, mtafiti wa semi, nilikuwa maktabani nikisaka mafumbo ya watu wengine.

Baba aliugua kwa mwaka mzima, akafariki Machi 2023. Katika mwaka huo nilifika nyumbani mara mbili tu. Kulikuwa na tasnifu, kulikuwa na karo, kulikuwa na sababu ambazo msomi hazikosi. Mama aliniambia baadaye kuwa Mtachoka alilala mlangoni pa chumba cha mgonjwa kila usiku. Hakusema kwa kunilaumu, na pengine ndiyo maana maneno yale yalinichoma.

Ilipoamuliwa kuwa mama ahamie kwa dada yangu Eldoret na nyumba ifungwe, baba mdogo alishauri mbwa aachwe, kwani kijijini mbwa hafi njaa. Nilijua mwisho wa mbwa aliyeachwa: huwa koko, na koko hupigwa mawe au kutegewa sumu. Nilijaribu matatu. Utingo alinitazama, akamtazama mbwa, akauliza ni nani kati yetu angelipa nauli. Abiria wakacheka. Jioni hiyo nilimwambia mama kuwa Mtachoka angesafiri kwa baiskeli.

Nilijiandaa kadiri nilivyojua. Daktari wa mifugo alimdunga chanjo ya kichaa cha mbwa na kuniandikia cheti. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu ni nadra mno mtu kupona. Ndiyo maana mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kuutokomeza kufikia mwaka 2030, na nguzo yake kuu ni chanjo kwa mbwa wenyewe. Kreti niliifunga kwa vipande vya tyubu kuukuu, nikatandika gunia chini. Kamba niliifunga kifuani pa mbwa wala si shingoni, maana akiruka ghafla shingo ingenyongwa. Kwa siku tatu tulizunguka uani tu, hadi alipozoea mtikisiko nami nikazoea uzito wa nyuma, ambao mlimani hutaka kuliinua gurudumu la mbele.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hadi Lubao mambo yalikuwa shwari. Penye njia ya udongo kando ya lami nilimshusha akimbie, nikawa naita jina lake asije akaingia barabarani. Mwendesha bodaboda mmoja aliposikia "Mtachoka!" alijibu, "Mbona tumeshachoka tayari!" Wanafunzi wakalidaka jina, wakatusindikiza nalo. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kosa nililifanya baada ya Malava. Jua lilikuwa limepanda, vilima vilikuwa vimenimaliza, nami nilitaka kufika Kaburengu mapema. Ili kupunguza mzigo nilimshusha mbwa tena, ingawa hapo kando ya lami palikuwa na kokoto kali, naye akakimbia juu ya lami yenyewe. Hakulia wala hakusita. Niliendelea kukanyaga pedali bila kugeuka, hadi kamba ilipokazika. Mtachoka alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, pumzi zikimtoka kwa kasi ya kutisha.

Mzee mmoja aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli alisimama. Alimbeba mbwa hadi kivulini, akammwagia maji tumboni na miguuni, akampepea kwa kofia yake, na kumnywesha kidogo kidogo. Kisha akaniambia, "Kijana, weka mgongo wa mkono wako kwenye lami." Niliuweka, nikauondoa mara moja. Akaniinulia unyayo wa mbwa. Ngozi ilikuwa imebabuka.

"Wewe una viatu, una kofia, na jasho linakutoka mwili mzima," alisema. "Huyu hupoa kwa kuhema. Anaitwa nani?"

"Mtachoka, mzee."

Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Basi amekuwa akikuambia tangu asubuhi."

Sikuwa na jibu. Nilikaa chini ya mti ule, kichwa cha mbwa kikiwa mapajani mwangu, nikalia kilio ambacho makaburini kilinikataa. Huyu pia aliteseka karibu nami nisigeuke kumtazama.

Usiku ule mzee alitulaza kwake. Tulikaa siku mbili hadi nyayo zikapata nafuu. Baada ya hapo tulisafiri alfajiri na jioni pekee, Mtachoka akiwa ndani ya kreti, nami nikiisukuma baiskeli kwa mikono katika miinuko ya kutoka Kipkarren River kwenda Turbo. Safari ya chini ya kilomita 150, ambayo matatu huikamilisha kwa saa chache, ilituchukua siku tano. Tulipofika Eldoret, mama alikuwa mlangoni. Aliita jina la mbwa kwa sauti ya chini, bila jirani wa kusikia. Sikuwahi kulisikia likitamkwa vile.

Niliporudi chuoni nilifuta sentensi moja katika tasnifu yangu. Nilikuwa nimeandika kuwa fumbo hukamilika linapomfikia aliyekusudiwa. Baba alimkusudia jirani, na sijui kama jirani alichoka. Ninachojua ni kwamba neno lile lilisafiri kwa kreti ya mkate likanifikia mimi, baada ya mwenye kulitunga kuzikwa. Msimamizi wangu ameandika pembeni ya ukurasa: "Ushahidi?" Bado natafakari nitamjibu vipi.