Gerezani: Rangi Haifichi Kutu

Siku ukifika Kariakoo, mjini Dar es Salaam, usiishie sokoni. Endelea kwa miguu hadi Gerezani, ambako milio ya nyundo hukupokea kabla hujaziona karakana zenyewe.

Hapo huletwa magari yaliyochakaa. Chukua mfano wa Land Rover ya zamani, gari lililoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948. Bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu. Lakini chasisi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari, ni ya chuma. Hewa ya bahari yenye chumvi huila upesi, na mara nyingi huanzia ndani, mahali pasipoonekana, ambako tope na maji hutuama.

Mtazame fundi mwangalifu. Kwanza hukigonga chuma kwa nyundo: kilicho kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Palipooza hukata, akachomelea bamba jipya. Palipo pazima husugua kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'are, akafuta vumbi na mafuta, ndipo akapaka rangi ya kuzuia kutu, na ikishakauka, rangi ya juu.

Gharama kubwa hapo ni jasho, siyo vifaa. Basi usikubali kutu ifunikwe kwa rangi ili kuokoa siku moja. Chasisi ikikatika barabarani, watakaoumia ni jamaa zako. Kabla hujalipa, inama uchungulie chini ya gari.