Kibarua na Shamba Lake

Huku kwetu Didia, katika nchi ya Shinyanga, mvua huanza yapata Novemba na kukoma Aprili. Siku hizo chache ndizo zimpazo mkulima chakula cha mwaka mzima. Tajiri na maskini hunyeshewa mvua moja, lakini hawazitumii siku zake namna moja.

Mwenye akiba hulima shamba lake kwanza. Asiye nayo, Januari ikifika na kihenge kikawa kitupu, hana budi kwenda kwa jirani kuomba kibarua. Hupimiwa ngwe katika mahindi au pamba, akaipalilia, jioni akapewa fedha kidogo au unga. Kesho hurudi tena. Magugu ya jirani humalizika, na magugu yake mwenyewe husonga mahindi. Wakati wa mavuno hupata haba, na Januari nyingine humkuta pale pale. Watu husema, "Huyu ni mvivu." La, si mvivu. Ameuza siku za mvua, na hizo hazinunuliki tena.

Mkewe huenda naye, mtoto mchanga mgongoni, ili ngwe iishe mapema. Isipoisha, huitwa mtoto wa shule. Sisi walimu twaisoma habari hii katika daftari la mahudhurio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyetimiza miaka hiyo aweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomzuia masomo. Lakini aliyepewa ngwe ni baba. Jina la mtoto halikuandikwa popote.

Neno hili la kuandika tulifikiri sana. Zamani za Waingereza vijana wengi wa Usukuma walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Maisha yao yalikuwa magumu, na siku ambayo ngwe haikumalizika haikuhesabiwa. Hata hivyo manamba alikuwa na kipande, na kila siku aliyoimaliza kazi ilitiwa alama. Zikitimia 30 alidai ujira wake. Kibarua wa kijijini leo hana hata hicho. Ngwe hupimwa kwa hatua za mwenye shamba, na miguu yake ikiwa mirefu, ngwe nayo hurefuka. Ujira huahidiwa kwa mdomo: "Njoo Jumamosi." Jumamosi ikifika: "Ngoja niuze pamba."

Wenzangu mnaojua kusoma, wengi wetu ndio tunaoita vibarua. Basi tupime ngwe kwa kamba moja, wote wawili wakiiona. Tuandike jina, kazi na ujira katika daftari, na yeye apewe karatasi yake. Tumlipe siku ile ile, wala tusimpokee mtoto saa za shule. Tena jirani akiomba chakula Januari, tumkopeshe, alipe Juni kwa kuchuma pamba, wakati mahindi yake yamekwisha kuvunwa. Hivyo siku za mvua zitabaki zake.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na jasho la mtu ni mali. Tukiliandika na kulilipa kwa wakati, kihenge chake kitapata kitu, na mwanawe atarudi darasani.