Vikaratasi vya Penseli

Sisi tuliokulia Mombasa na kuhamia Machakos tuliujua mwani kuwa ni ule uchafu unaolundikana ufuoni wakati wa kusi. Kwa hivyo binti yetu alipotuarifu kwamba likizo yake ndefu ya chuo ataipitisha pwani akijifunza kuhifadhi mwani, tulidhani ni matembezi tu.

Alifikia kwa shangazi yake, na siku za bamvua akishuka na watafiti hadi Kibuyuni, Kwale, ambako akina mama hupanda mwani kwa kamba na vigingi. Aina iitwayo kotoni ina bei nzuri, lakini maji yakizidi joto huugua na kukatika. Spinosamu huvumilia zaidi.

Alirudi Machakos na furushi la karatasi. Kila kipande alikuwa amekielekeza ndani ya sinia la maji ya bahari, akaitelezesha karatasi chini yake, akaiinua polepole matawi yakiwa yametandazika, kisha akakifunika kwa kitambaa na kukikandamiza baina ya magazeti. Gundi haihitajiki, kwani ute wa mwani wenyewe huushika. Magazeti hubadilishwa kila siku hadi ukauke.

Alipoitwa chuoni kwa siku mbili, kazi hiyo alituachia sisi wazazi. Agosti ya Machakos ni baridi na mawingu, nasi tulichelea ukungu. Tulibadilisha magazeti kwa bidii, na vile vikaratasi vidogo vilivyoandikwa kwa penseli tukavikusanya vyote katika bahasha moja, tukijisifu kwa unadhifu wetu.

Aliporejea hakupaza sauti. Aliinua kipande kimoja chekundu, akauliza, "Mama, huu ulitoka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Kikaratasi ndicho kilichobeba mahali, tarehe na jina la aliyeuchuma. Alitueleza kuwa orodha ya kwanza ya mwani wa pwani ya Kenya ilichapishwa na mtaalamu W. E. Isaac mwaka 1967; anayetaka kujua leo ni upi uliotoweka hana budi kuanzia kwenye kumbukumbu za namna hiyo. Mwani usio na kikaratasi hausemi lolote.

Kwa msaada wa daftari lake aliokoa vipande kumi na vinne kati ya ishirini na tisa. Vilivyosalia alivitenga, bila kututazama.

Usiku ule aliichukua kalenda ya Hijria ukutani, maana bamvua hufuata mwezi uandamapo na upevukapo. Nauli ya kurudi Kibuyuni tumeilipa sisi. Safari hii kila kikaratasi atakishona kwenye karatasi yake kwa uzi, na sindano ameazima kwetu.